Kompyuta Kama Ala: Lugha za Kuandikia Muziki na Nafasi Yetu Ndani Yake

Katika mkutano huu nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa katika vyumba viwili tofauti. Watu wa muziki wakikaa peke yao hulizungumza kama suala la vifaa vya studio. Watu wa kompyuta nao hulichukulia kama burudani ya jioni, baada ya kazi za benki na hospitali. Leo tumekaa chumba kimoja, nami nimefurahi kwelikweli.

Nimekuja kuzungumzia lugha za programu zinazotumika kutunga na kupiga muziki: zilikotoka, zinavyofanya kazi, na kwa nini mwanamuziki wa Afrika Mashariki anapaswa kuzijua kwa ndani. Ninalotetea ni hili. Kila programu ya muziki imebeba uamuzi wa mtu fulani kuhusu sauti inavyozaliwa, muda unavyogawanywa, na nota ngapi zinatosha. Anayeweza kuandika msimbo anaweza kuubadili uamuzi huo. Asiyeweza anaupokea kama ulivyo, na mara nyingi hata hajui kwamba ameupokea. Nina hoja nne. Sitazipa muda sawa, maana ya tatu na ya nne ndizo zilizonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza: lugha hizi zilibuniwa ili mtu ajenge ala yake mwenyewe

Mwaka 1957 Max Mathews alikuwa mhandisi wa Bell Labs, Murray Hill, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Maabara ile ilikuwa ya kampuni ya simu, na kazi mojawapo ilikuwa kutafuta namna ya kuigeuza sauti ya msemaji kuwa tarakimu, kisha kuirudisha kuwa sauti bila kuiharibu. Mathews akaona kwamba kama tarakimu zinaweza kutoka kinywani mwa msemaji, zinaweza pia kutoka kichwani mwa mtunzi. Akaandika programu aliyoiita MUSIC, na Mei mwaka huo kompyuta ya IBM 704 ikakokotoa kipande cha sekunde 17 kilichotungwa na mwenzake, Newman Guttman. Kompyuta yenyewe ilikuwa jijini New York. Tarakimu ziliandikwa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukasafirishwa hadi Murray Hill, na huko ndiko kulikokuwa na mtambo wa kuzigeuza kuwa umeme wa kuendesha spika.

Najua baadhi yenu mtaniambia kwamba kompyuta zilikwisha kuimba kabla ya hapo, na ni kweli. CSIRAC huko Australia na Ferranti Mark 1 huko Manchester zilipigishwa nyimbo zilizojulikana miaka ya mwanzo ya 1950. Lakini zile zilikuwa mashine za hesabu zilizolazimishwa kutoa mlio kwa kupeleka mapigo ya umeme moja kwa moja kwenye spika. Mathews alitaka kitu kingine: mashine itoe sauti yoyote ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia, kwa kuwa umbo la wimbi lolote linaweza kuandikwa kwa namba. Hoja hiyo aliiweka wazi mwaka 1963 katika jarida la Science.

Ugumu uko kwenye wingi wa hizo namba. Sauti ya dijiti ya kiwango cha CD inahitaji sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa spika. Wimbo wa dakika tatu wenye pande mbili ni namba karibu milioni 16. Hakuna mtunzi atakayeziandika kwa mkono. Kwa hiyo swali la kwanza la fani hii lilikuwa swali la lugha: niseme maneno machache yapi ili mashine iniandikie namba milioni 16 ninazozitaka, na isiandike nyingine?

Jibu la Mathews lilikuja mwaka 1960 na toleo la tatu la programu yake, na mpaka leo hatujalipita. Alivunja ala vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na kazi moja. Kuna osileta, inayozalisha wimbi. Kuna kipande kinachoamua sauti ipande ukali kwa kasi gani na ife kwa kasi gani. Kuna kichujio, kinachopunguza masafa fulani. Kuna vijumlishi na vizidishi. Mtunzi anaviunganisha anavyotaka, anapata ala. Kisha, mahali pengine kabisa, anaandika orodha ya nota: ala fulani ianze sekunde fulani, idumu muda fulani, kwa kimo fulani cha sauti.

Naomba mnitazame hapa ubaoni kwa dakika moja, maana jambo hili likieleweka mengine yote yanafuata. Chukua osileta moja yenye masafa ya 220 kwa sekunde. Hiyo ni sauti kavu, kama mluzi. Chukua osileta ya pili, lakini usiisikilize; itumie kuyatikisa masafa ya ile ya kwanza, juu na chini, mara sita kwa sekunde. Utasikia mtetemo kama ule wa koo la mwimbaji wa taarabu anaposhikilia silabi ya mwisho. Sasa ongeza kasi ya mtikisiko: mara 20, mara 50, mara 200 kwa sekunde. Kuna mahali ambapo sikio linashindwa kuufuata kama mtetemo, na ghafla unasikia rangi mpya ya sauti, kengele au shaba. John Chowning aligundua hili mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, akalichapisha mwaka 1973, na Yamaha wakalichukua kwa leseni kutengeneza kinanda cha DX7 kilichotoka mwaka 1983. Sauti za kinanda hicho zimejaa katika rekodi za dunia nzima za muongo ule. Zilitokana na mwanamuziki aliyekuwa na lugha ya kuuliza, "Nikizidisha hapa itakuwaje?"

Ukoo wa MUSIC ulizaa Csound, iliyoandikwa na Barry Vercoe huko MIT mwaka 1986. Csound ingali hai, ni ya bure, na faili zake ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma na kuyarekebisha. Imewahi kutufikia bila sisi kujua: ndiyo iliyokuwa injini ya TamTam, programu za muziki za watoto zilizotengenezwa kwa ajili ya zile kompyuta ndogo nyeupe na kijani za mradi wa OLPC (One Laptop per Child), ambazo Rwanda ilizinunua kwa maelfu mengi kwa shule za msingi.

Hoja ya pili: kuna tofauti kubwa kati ya kutunga na kupiga, na tofauti hiyo ni muda

Kompyuta ya Mathews ilitumia muda mrefu zaidi kukokotoa sauti kuliko urefu wa sauti yenyewe. Mtunzi aliandika, akasubiri, akasikia, akarekebisha. Hiyo ni kazi ya mezani. Haimsaidii mtu aliyesimama jukwaani mbele ya watu wanaocheza.

Hatua kubwa ya kuelekea jukwaani ilifanyika Paris, katika IRCAM, taasisi ya muziki iliyoasisiwa na mtunzi Pierre Boulez. Miller Puckette aliandika programu katika miaka ya 1980 akaiita Max, kwa heshima ya Mathews. Katika Max huandiki mistari. Unachora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi, na mabadiliko yanasikika papo hapo. Ilitumika katika Pluton ya Philippe Manoury, mwaka 1988, ambamo kompyuta inamsikiliza mpiga piano na kumjibu. Puckette alipohamia California aliandika upya wazo lilelile kama Pure Data, mwaka 1996, na akalitoa bure. Mwaka huohuo James McCartney alitoa SuperCollider, inayotumia maandishi badala ya nyuzi; tangu 2002 nayo ni programu huria.

SuperCollider imekuwa mama wa nyingine. Sonic Pi ya Sam Aaron, iliyozaliwa Cambridge mwaka 2012 kwa ajili ya watoto wa shule wenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inatoa sauti kwa injini ya SuperCollider. TidalCycles ya Alex McLean, lugha ya kupanga midundo, nayo vilevile. Ndugu yake mdogo, Strudel, inafanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti: unafungua ukurasa, unaandika, unasikia. Haina cha kusakinisha. Kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi arobaini na kompyuta zilizofungwa nywila na ofisi, hilo si jambo dogo.

Kutokana na lugha hizi umeibuka upigaji wa aina mpya. Mpigaji anasimama mbele ya watu na kuuandika msimbo hapohapo, muziki ukiendelea kuchezwa, huku skrini yake ikirushwa ukutani ili kila mtu aone anachofanya. Mwaka 2004 waliokuwa wakifanya hivyo walikutana Hamburg wakaunda kikundi kiitwacho TOPLAP, na kuonyesha skrini wakakufanya kuwa sehemu ya masharti yao. Sharti hilo nalipenda sana. Hadhira iliyozoea kutazama vidole vya mpiga kanuni ina haki ya kuona mkono wa mpiga kompyuta unafanya nini.

Lakini upigaji una ukweli mmoja wa kiufundi ambao wanafunzi wangu wa kompyuta huusahau. Kompyuta haitoi sampuli moja moja. Inazikusanya kwenye bafa, kisha inazitoa kwa mkupuo. Bafa ya sampuli 512 inachelewesha sauti kwa milisekunde 12 hivi, na sikio linasamehe. Bafa ya sampuli 4,096, ambayo kompyuta kuukuu inaweza kuihitaji ili sauti isikatike, inachelewesha kwa milisekunde 93. Sasa tuupeleke huo ucheleweshaji Tandale na Manzese, Dar es Salaam. Singeli, muziki wa vijana wa huko, hupigwa kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa 200, pigo moja ni milisekunde 300, na robo ya pigo ni 75. Maana yake, bafa ile inamchelewesha mpigaji kwa zaidi ya robo ya pigo. Akibonyeza, sauti inatoka mahali pa nota nyingine. Vijana wa singeli wanaopiga kompyuta mpakato jukwaani kama ngoma, vidole vikiruka juu ya kibodi, wanapambana na namba hii kila wiki, hata kama hakuna aliyewahi kuwatajia jina lake. Ningependa mhandisi mmoja wa chumba hiki aichukue kama tatizo lake la utafiti. Ni tatizo halisi, liko hapa, na linapimika.

Hoja ya tatu: chombo kinachotuhesabia nota kumi na mbili kinatunyang'anya nyingine

Mwaka 1983, mwaka uleule wa DX7, kampuni za Marekani na Japani zilikubaliana juu ya MIDI, lugha ya kinanda kuzungumza na kinanda kingine na kompyuta. Ulikuwa mkataba mzuri, na hadi leo unafanya kazi. Kinanda cha kampuni moja kiliweza kuendesha cha kampuni nyingine, na studio ndogo zikawezekana. Lakini MIDI inaita nota kwa namba, kuanzia 0 hadi 127, na kila namba ni kitufe kimoja cha kinanda. Kati ya namba 60 na 61 hakuna kitu. Kuna njia ya kuipinda nota kwa kuiongezea ujumbe mwingine, lakini kupinda huko kunazikumba nota zote za chaneli ile kwa pamoja. Programu nyingi za studio zilijengwa juu ya msingi huo.

Wapigaji wa taarabu mlioko hapa mnajua kilichotokea. Maqamu (ngazi za nota) ya Rast na Bayati yana nota zinazoangukia kati ya vitufe viwili vya piano. Udi hauna vikwazo shingoni, fidla hali kadhalika, kwa hiyo kidole kinakwenda nota inapokaa. Kinanda kilipoingia kwenye taarabu, nota hizo zilipata taabu. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vina vitufe vya kushusha nota kwa robo toni, na vimesaidia. Lakini robo toni nayo ni uamuzi wa mezani. Mpiga kanuni hodari haiweki nota ya tatu ya Rast mahali pamoja katika kila wimbo.

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu taarabu ni sehemu tu ya suala hili. Tuchukue mifano miwili ya bara.

Wa kwanza ni wa Wagogo wa Dodoma. Gerhard Kubik na watafiti wengine wameonyesha kwamba muziki wao umejengwa juu ya mfululizo wa harmoniki, yaani sauti zile ambazo kamba moja au koo moja hutoa kwa asili yake. Mliowahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose na ala yake ya ilimba mnaikumbuka ile ladha. Kwa namba ni rahisi ajabu. Anza na 200 kwa sekunde, kisha ongeza 50 kila mara: 200, 250, 300, 350, 400, 450. Basi. Sasa itafute ile 350 kwenye piano iliyopangwa ili kitufe chake kimoja kitoe 200. Hutaipata. Kitufe cha karibu kitakupa 356. Ukizipiga 350 na 356 pamoja utasikia sauti inavimba na kunywea mara sita kwa sekunde. Ndivyo zilivyo mbali.

Wa pili ni wa Baganda. Marimba ya amadinda ina hatua tano ndani ya oktava, na hatua hizo zinakaribia kulingana. Nasema zinakaribia, kwa sababu fundi hupanga kwa sikio na kila ala ina tabia yake. Tukizifanya zilingane kabisa, kila nota ni ile iliyotangulia mara 1.1487. Tukianza tena na 200 tunapata 229.7, kisha 263.9, 303.1, 348.2, na oktava kwenye 400. Ile ya pili, 229.7, inaangukia katikati ya 224.5 na 237.8, vitufe viwili vya piano vilivyopakana.

Tazameni, basi. Watu wawili wa ukanda mmoja, kila mmoja na mantiki yake. Mgogo anafuata harmoniki, Mganda anagawa oktava karibu sawa kwa sawa. Mantiki zote mbili ni za kina, na zote mbili zinafutika siku zinapoingizwa studio kupitia kibodi ya piano, kwa sababu namba za vitufe haziwezi kuzitamka. Kijana anayerekodi nyimbo za bibi yake kwa kinanda anaambiwa kwamba bibi aliimba nje ya nota.

Na ufumbuzi ni rahisi mno, jambo linalonisikitisha na kunitia moyo kwa wakati mmoja. Katika Csound, katika Pure Data, katika SuperCollider, kimo cha sauti ni namba ya kawaida. Unaandika 350, inatoka 350. Unaweza kuandika orodha ya namba tano au saba, ukaiita jina la fundi aliyepanga ala ile, na kila wimbo utakaoutunga ukaimba kwa sauti ya ala hiyo. Kuna hata muundo wa faili unaotumiwa na wengi, ule wa programu ya Scala, ambao ni orodha ya maandishi ya senti (kipimo cha umbali kati ya nota) na uwiano. Faili moja haizidi mistari michache, na programu na sinthesaiza nyingi zinaisoma.

Hoja ya nne: muziki wetu una kanuni ambazo msimbo unaziandika vizuri kuliko mistari ya nota

Nibaki Buganda. Amadinda ina vipande kumi na viwili vya mti, na hupigwa na watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga sehemu iitwayo okunaga, mfululizo wa nota zilizopishana kwa muda sawa. Wa pili anapiga okwawula, mfululizo mwingine, na kila nota yake inaingia katikati ya nota mbili za mwenzake. Kila mmoja anapiga nota na oktava yake kwa mikono miwili, kwa hiyo nota tano zinachukua vipande kumi. Wa tatu ana vipande viwili tu vilivyobaki, vya juu kabisa. Kazi yake, okukoonera, ni kusikiliza ule mchanganyiko na kurudia, oktava mbili juu, kila inapotokea nota ya kwanza au ya pili ya chini.

Kubik alijifunza muziki huu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa Evaristo Muyinda, mpiga muziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na Kubik akaziandika nyimbo hizo kwa namba kutoka 1 hadi 5. Namba hizo zinaingia kwenye msimbo bila kuguswa. Nimetunga mfano mdogo kwa ajili ya leo. Si wimbo wa Kiganda, ni wa kuonyeshea tu. Mpigaji wa kwanza ana 1 3 5 2 4 3. Wa pili ana 2 5 1 4 3 5. Ukiwafunga pamoja unapata 1 2 3 5 5 1 2 4 4 3 3 5. Wa tatu anachukua kila 1 na kila 2, na penye namba nyingine ananyamaza: 1 2, kimya mara tatu, 1 2, kimya mara tano. Hakuna aliyeitunga sehemu hiyo ya tatu. Imezaliwa kutokana na mbili za kwanza, na katika lugha yoyote kati ya nilizozitaja ni mstari mmoja wa msimbo. Badilisha namba moja kwa mpigaji wa kwanza, na sehemu ya tatu, ikibidi, inajibadilisha yenyewe.

Mwanafunzi wa kompyuta anayeliona hili kwa mara ya kwanza hukaa kimya, kwa sababu anatambua kitu anachokijua. Wapigaji wale walikuwa wakitumia kanuni inayozalisha muziki, vizazi kabla ya Mathews kuzaliwa. Na kuna jambo jingine. Kubik anaeleza kwamba kila mpigaji wa amadinda husikia nota zake mwenyewe ndizo zilizo kwenye pigo. Hakuna pigo kuu moja ambalo mmoja yuko juu yake na mwingine yuko nje. Sasa fungua FL Studio, iliyotengenezwa Ubelgiji na kupendwa sana katika studio ndogo za Dar es Salaam. Kitu cha kwanza unachokiona ni safu ya visanduku 16, nne mara nne. Ni chombo kizuri, na kimetupa muziki mwingi ninaoupenda. Lakini visanduku vile vimekwisha kuamua kwamba pigo kuu lipo, ni moja, na liko kwenye kisanduku cha kwanza. Katika TidalCycles unaandika mizunguko miwili na kuusogeza mmoja kwa nusu hatua. Lugha haiulizi yupi kiongozi.

Niongeze mfano mmoja wa midundo, kwa wanahisabati. Mwaka 2005 Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill alionyesha kwamba kanuni ya kale ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika inazalisha midundo mingi ya jadi. Unachukua mapigo 3 na nafasi 8, unayasambaza kwa usawa kadiri inavyowezekana: pigo, kimya, kimya, pigo, kimya, kimya, pigo, kimya. Mikono yenu inaujua mdundo huo tayari. Naona mzee pale nyuma ameshaanza kuupiga mezani. Ukichukua 7 katika 12 unapata, baada ya kuuzungusha, mdundo wa kengele unaosikika Afrika Magharibi na kwingineko. Hesabu hiyohiyo ilikuwa imetumiwa na E. Bjorklund kupanga muda wa mitambo ya fizikia ya nyutroni. Leo Tidal na Strudel zinaiandika kwa namba mbili tu.

Lakini nasisitiza hapo niliposema "baada ya kuuzungusha". Kwa kanuni ya Euclid, mdundo unaoanzia pigo la kwanza na ule unaoanzia la tatu ni kitu kimoja. Kwa mcheza ngoma ni vitu viwili, na mguu ukianza mahali pasipo pake ngoma imeharibika. Kwa hiyo msimbo unamhitaji mtu anayejua mguu unaanzia wapi. Mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalipovamia kasri la Kabaka, wanamuziki wa kasri walitawanyika, na ujuzi wa aina hiyo ulipotea kwa kiasi ambacho namba za vitabuni haziwezi kukirudisha.

Kazi iliyo mbele yetu

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nakaribia mwisho.

Programu nilizozitaja leo, yaani Csound, Pure Data, SuperCollider, Sonic Pi, TidalCycles na Strudel, zote zinapatikana bila kulipa. Kompyuta iliyotumika inatosha kwa nyingi kati yake. Tunachokosa ni kukutana. Idara za kompyuta zinafundisha msimbo kwa mifano ya mishahara na bohari, na vyuo vya muziki vinafundisha kompyuta kama mashine ya kurekodia. Napendekeza kozi moja ya pamoja, ya muhula mmoja, ambamo mpiga ala na mwandishi wa msimbo wanakaa benchi moja na mtihani wao ni kupiga mbele ya watu, skrini ikiwa ukutani.

Sambamba na hiyo, tupime. Kila ilimba, zeze, marimba na kanuni iliyopangwa na fundi aliye hai irekodiwe nota moja moja, masafa yake yaandikwe, na faili iwekwe wazi pamoja na jina la fundi na kijiji chake, kwa idhini yake. Kazi ya ala moja ni ya asubuhi moja. Mafundi wenyewe wawe wenye kauli ya mwisho: wakiisikia sauti ya kompyuta na kusema hapana, namba inarekebishwa mpaka waseme ndiyo. Na watakaotunga nyimbo za kuuza kwa faili hizo wamtambue fundi husika kama wanavyomtambua mshairi.

Kwenye meza ile ya dirishani kuna kompyuta mbili zenye Pure Data, kipaza sauti, na ilimba aliyoileta mmoja wenu mchana huu. Baada ya maswali tutarekodi vitufe vyake vyote, tusome masafa, tuandike faili ya kwanza. Naomba wapiga udi wasiondoke. Nataka baada ya hapo mtupigie nota ya tatu ya Rast, kila mmoja kwa mkono wake, tuone zinatofautiana kwa kiasi gani.